Kujitolea na Posho: Nini Humsukuma Mtu Kumtendea Mwenzake Wema

Kila chama cha msingi kinayajua mambo haya. Upepo umeng'oa mabati ya ghala, na msimu wa ununuzi umekaribia. Katibu anapeleka habari kwa wanachama kwamba siku ya Jumamosi kila mmoja afike na nyundo, panga au misumari. Siku inapofika, kati ya wanachama mia mbili wanatokea ishirini. Wanafanya kazi mpaka jua linapotua, na ghala linapona. Katika mkutano unaofuata mtu mmoja anasimama na kupendekeza kwamba wale ishirini wapewe posho, ili safari nyingine wengine nao wavutike. Wa pili anasimama na kupendekeza kwamba wote ambao hawakufika watozwe faini. Wa tatu, mzee ambaye aghalabu hasemi, anauliza swali ambalo halipati jibu: "Hawa ishirini walikuja kwa sababu gani?"

Swali la mzee huyo ndilo lenye uzito kuliko mapendekezo yote mawili. Chama kisichojua kilichowaleta watu ishirini hakiwezi kujua kitakachowaleta mia mbili. Tena, pasipo kujua, huenda kikatenda jambo litakalowafukuza hata hao ishirini. Makala haya yana shabaha ya kueleza yale ambayo wataalamu wa nchi mbalimbali wameyaona walipochunguza kwa nini watu huwatendea wenzao wema, na yale ambayo vyama vya ushirika vyenyewe vimejifunza kwa muda wa miaka mingi.

METHALI MBILI

Wahenga waliacha methali mbili ambazo huonekana kama zinapingana. Ya kwanza yasema: Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Ya pili yasema: Mkono mtupu haulambwi. Wako wanaodhani kwamba mojawapo ni ya kweli na nyingine ni ya uongo. Sivyo. Zote mbili zinamweleza binadamu yule yule, katika nyakati mbalimbali na mbele ya mambo mbalimbali.

Jambo hili limewatatiza hata wataalamu wa uchumi. Adam Smith, mwalimu wa Uskochi, alitoa mwaka 1776 kitabu mashuhuri ambamo alieleza kwamba wauza vyakula hawauzi kwa ajili ya huruma bali kwa ajili ya faida yao. Wengi wamekishika kitabu hicho na kudai kwamba binadamu hana msukumo mwingine ila faida. Lakini Smith huyo huyo, miaka 17 kabla, yaani mwaka 1759, alikuwa ametoa kitabu kingine kinachoeleza jinsi mtu anavyoguswa na furaha na huzuni ya mwenziwe hata pale ambapo yeye mwenyewe hapati kitu. Hakuona kwamba vitabu hivyo viwili vinagombana. Sokoni mtu huongozwa zaidi na faida. Penye msiba wa jirani huongozwa na jambo jingine.

SABABU NNE

Kwa kifupi, sababu zinazomsukuma mtu kumtendea mwenziwe wema zinaweza kupangwa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni huruma. Mtu amwonapo mtoto akitaka kutumbukia kisimani, hukimbia kabla ya kufikiri. Huruma ni kali lakini ina upungufu: hukielekea kile kinachoonekana kwa macho. Mtu humhurumia jirani aliyeunguliwa nyumba kuliko wanachama mia mbili ambao mazao yao yatalowana mwezi ujao.

Fungu la pili ni kurudishiana. Leo wanakijiji wanamsaidia mmoja kuvuna, kesho naye anawasaidia. Mtu huhudhuria mazishi ya wenziwe akijua kwamba msiba haubagui mlango. Mwaka 1971 Robert Trivers, mwanabiolojia wa Marekani, alieleza kwamba tabia ya kutendeana wema inaweza kudumu hata kati ya wasio na undugu wa damu, ilimradi watu hao wanakutana mara kwa mara, wanakumbukana, na anayepokea bila kurudisha anajulikana. Kijiji na chama cha msingi vina sifa hizo zote tatu.

Fungu la tatu ni heshima. Mtu hupenda jina lake litajwe kwa wema. Wako wanaokibeza kisababu hiki wakisema kwamba ni kujionyesha. Lakini watu wanaoshindana kuheshimiwa kwa kujenga ghala hawana madhara kwa chama. Madhara yanakuja pale ambapo heshima hupewa yule mwenye fedha nyingi, hata kama hakuchukua jembe.

Fungu la nne ni wajibu. Hapa mtu hutenda kwa kuwa amelelewa hivyo, au dini yake yamwagiza hivyo, au anaona kwamba yeye si mtu wa kukaa kitako wakati wengine wanafanya kazi. Huyu hujisikia aibu hata kama hakuna aliyemwona.

Ni nadra kumpata mtu anayesukumwa na sababu moja tu. Wale ishirini waliokwenda kuezeka ghala walikuwa na sababu hizi zote zimechanganyika kifuani mwao, na wala si kazi ya katibu kuzipekua. Lakini yafaa afahamu kwamba kila sababu ina chakula chake na sumu yake. Kurudishiana hufa penye usahaulifu, na heshima hufa penye upendeleo. Na wajibu, kama itakavyoonekana, waweza kufa kwa sababu ya fedha.

FUNZO LA DAMU

Mwaka 1970 Richard Titmuss, profesa wa mambo ya ustawi wa jamii wa London, alitoa kitabu juu ya utoaji damu. Si mgeni kabisa katika Afrika Mashariki, kwani mwaka 1964 aliongoza kikundi cha wataalamu kilichotoa taarifa juu ya huduma za afya za Tanganyika. Katika kitabu chake cha 1970 alilinganisha nchi mbili. Katika Uingereza damu ya hospitali ilitolewa bure na watu wasiomjua atakayeipata. Katika Marekani, wakati huo, sehemu kubwa ya damu ilinunuliwa.

Kwa hesabu ya haraka mtu angesema kwamba penye malipo ndipo patakapopatikana damu nyingi na nzuri zaidi. Titmuss alionyesha mambo kinyume. Anayeuza damu kwa sababu ya shida ana sababu ya kuficha ugonjwa wake, kwa maana akisema kweli hatalipwa. Anayetoa bure hana sababu ya kudanganya. Hivyo damu ya kununuliwa ilileta zaidi ugonjwa wa homa ya ini kwa wagonjwa. Zaidi ya hayo, Titmuss alidai kwamba penye soko la damu, yule ambaye angetoa bure huvunjika moyo, kwa sababu zawadi yake imekwisha kupewa bei, na bei yenyewe ni ndogo. Mwaka 1975 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliazimia kwamba nchi zijenge huduma za damu juu ya msingi wa watoaji wa hiari wasiolipwa.

Dai hilo la Titmuss lilibishaniwa kwa miaka mingi. Katika Gothenburg, Sweden, watafiti wawili walilijaribu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Watu waliombwa wakubali kupimwa ili wawe watoaji damu. Kati ya wanawake ambao hawakuahidiwa kitu, asilimia 52 walikubali. Kati ya wale walioahidiwa kroni 50, walikubali asilimia 30 tu. Lakini wale walioambiwa kwamba wanaweza kuzitoa fedha hizo kwa shughuli ya hisani, asilimia 53 walikubali. Kwa wanaume haikuonekana tofauti kama hiyo.

Ni haki kueleza pia upande wa pili. Uchunguzi mwingine uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2012, juu ya mikusanyo karibu 14,000 ya kutoa damu, ulionyesha kwamba vizawadi vidogo viliongeza idadi ya watu waliofika. Kwa hiyo si kweli kwamba kila zawadi huua wema. Linaloonekana ni kwamba mtu hutazama maana ya kile anachopewa. Kikombe au fulana humwambia: "Ahsante." Fedha taslimu, hasa zikiwa kidogo, zaweza kumwambia: "Hii ndiyo thamani ya kazi yako."

FAINI ILIYOGEUKA KUWA BEI

Baada ya posho, ni vyema kulitazama pendekezo la pili, yaani faini. Katika mji wa Haifa, nchini Israeli, watafiti wawili walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto wadogo wakati wa mchana. Wazazi walitakiwa kuwachukua watoto wao saa maalumu, lakini baadhi walichelewa, na walezi wakalazimika kungoja. Katika vituo 6 ilianzishwa faini ya shekeli 10 kwa mzazi atakayechelewa zaidi ya dakika 10. Katika vituo vingine 4 halikufanywa badiliko lolote.

Ilitazamiwa kwamba uchelewaji utapungua. Badala yake uliongezeka, ukakaribia kuwa maradufu. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2000, yana maelezo yanayoeleweka. Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa alijiona kwamba amemkosea mlezi, akaona haya. Baada ya faini alijiona kwamba amenunua muda, na mnunuzi haoni haya. Faini iliyokusudiwa kuwa adhabu ikageuka kuwa bei, tena bei nafuu.

Jambo la kutia hofu zaidi lilitokea baadaye. Faini ilipofutwa, wazazi hawakurudia desturi yao ya kwanza. Waliendelea kuchelewa kama wakati wa faini, ila sasa hawakulipa. Ile haya ya zamani ilikuwa imekwisha ondoka, na kuondoa faini hakukuirudisha. Chama kinachotaka kuanzisha posho au faini hakina budi kulikumbuka jambo hili: mlango huo hufunguka kwa urahisi, lakini kuufunga ni kazi.

MCHEZO WA HARAMBEE

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa mila na wa uchumi walizunguka katika jamii ndogo ndogo 15 za mabara mbalimbali, wakiwamo Wahadzabe wa Tanzania na Waorma wa Kenya. Mojawapo ya majaribio waliyoyafanya lilikuwa hivi. Kila mtu katika kikundi hupewa fedha, naye huamua kwa siri atatia kiasi gani katika mfuko wa pamoja. Fedha za mfuko huongezwa, kisha hugawanywa sawa kwa wote, aliyetoa na asiyetoa. Kwa hesabu ya mtu mmoja, afadhali afiche zake zote na kungoja mgao. Kwa hesabu ya kikundi, afadhali wote watoe zote.

Waorma walipoelezwa mchezo huo hawakuuona mgeni. Waliuita mara moja mchezo wa harambee, kwa kuwa ulifanana na michango yao ya kujenga shule na barabara. Na kwa wastani walitoa asilimia 58 ya fedha walizopewa. Hawakungoja wataalamu wawafundishe ushirika. Jina lenyewe la harambee liliwakumbusha desturi waliyokuwa nayo. Jinsi jambo linavyoitwa, na desturi linayoigusa, ni sehemu ya msukumo.

Majaribio ya namna hii yamefanywa mara nyingi, na yameonyesha tabia moja inayopasa kujulikana na kila katibu. Katika jaribio moja lililofanywa Zürich, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2001, kiasi cha nusu ya watu walikuwa tayari kutoa kwa sharti kwamba na wengine watoe. Kiasi cha watu watatu katika kila kumi hawakutoa kitu. Mchezo unaporudiwa mara nyingi, michango hupungua kila mara. Sababu yake si kwamba watoaji wamegeuka kuwa wachoyo. Wameona kwamba wapo wanaokula jasho la wengine, nao wamechoka kufanywa wajinga. Samaki mmoja akioza huoza wote.

Lakini majaribio hayo hayo, katika taarifa zilizotolewa mwaka 2000 na 2002, yalionyesha dawa. Watu waliporuhusiwa kumwadhibu asiyetoa, wengi walikuwa tayari kugharimia adhabu hiyo kwa fedha zao wenyewe, hata bila kutazamia faida. Michango ikapanda mara moja na kubaki juu. Hapa msomaji atauliza: mbona adhabu imefaa huku, na Haifa imeharibu? Tofauti ni kwamba faini ya Haifa ilitoka ofisini, ilikuwa ndogo, na ilisomeka kama bei. Adhabu hii ya pili ilitoka kwa wenzi, ikasomeka kama karipio: "Umetukosea."

MIFEREJI, MALISHO NA BARAZA LA ALHAMISI

Elinor Ostrom wa Marekani, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi wananchi wanavyotunza mali ya pamoja bila kungoja askari wala mfanyabiashara. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alieleza habari za kijiji cha Törbel katika milima ya Uswisi, ambacho tangu mwaka 1517 kilikuwa na kanuni kwamba mtu asipeleke malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Alieleza pia habari za wakulima wa Valencia, Hispania, ambao kesi zao za maji husikilizwa kila Alhamisi nje ya mlango wa kanisa kuu, kwa mdomo na hadharani.

Ostrom aliona kwamba jumuiya zilizodumu zina mambo yanayofanana. Inajulikana wazi nani ni mwanachama na nani si mwanachama. Wanaohusika na kanuni ndio wanaozitunga. Wakaguzi ni wanachama wenyewe au wanawajibika kwa wanachama. Adhabu huanza ndogo na kupanda kwa anayerudia. Magomvi huamuliwa karibu na kwa gharama ndogo.

Wakulima wa Kilimanjaro hawana haja ya kwenda Valencia kuyaona hayo. Mifereji ya asili ya Wachaga ilichimbwa na kutunzwa kwa kazi ya pamoja ya wale wanaotumia maji yake. Mfereji ulipobomoka watu waliitwa, na asiyefika bila udhuru alitozwa au alikosa zamu yake ya maji. Yule asiyeweza kubeba mawe alipewa kazi iliyomfaa. Katika milima hiyo hiyo wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaandikishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU. Ushirika ulipandwa katika udongo uliokwisha limwa.

KUTOKA HISANI MPAKA USHIRIKA

Waanzilishi wa vyama vya ushirika wa Ulaya nao walilikabili swali hili. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa meya katika vijiji vya Ujerumani, alianza kwa kuwaomba matajiri wawasaidie wakulima maskini. Mwaka 1854 alianzisha katika Heddesdorf chama cha hisani cha namna hiyo. Kwa muda kilifanya kazi njema, lakini hamu ya matajiri ilipungua, kwa kuwa walitoa tu na hawakuhusika. Mwaka 1864 Raiffeisen alikigeuza kuwa chama cha mikopo ambacho wakopaji wenyewe ndio wanachama, na wote wanadhaminiana. Alishikilia kwamba viongozi wafanye kazi bila mshahara, ila mtunza fedha alipwe, kwa kuwa kazi yake ilimchukulia muda mwingi na ilihitaji ujuzi. Hiyo ni tofauti ambayo vyama vingi bado havijaipambanua.

Kadhalika mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, hawakuweka matumaini yao katika wema mtupu wala katika faida tupu. Kila mmoja alitoa hisa ya pauni moja, waliyoikusanya senti kwa senti. Faida ilirudishwa kwa kila mwanachama kwa kadiri alivyonunua, na baadaye sehemu yake ikatengwa kwa ajili ya elimu. Hivyo mtu aliyemnufaisha mwenziwe alijinufaisha na yeye pia, na aliweza kuliona hilo katika daftari. Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika, lilipotoa tamko lake Manchester mwaka 1995, lilitaja kujisaidia na kuwajali wengine katika maadili yale yale ya ushirika.

Historia ya Tanzania ina funzo lake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali, na sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu tena. Ni vigumu kumtaka mtu ajitolee kwa ajili ya jambo ambalo laweza kuanzishwa na kuondolewa pasipo yeye kuulizwa. Kujitolea hufuata umiliki, na umiliki huonekana mkutanoni kabla ya kuonekana ghalani.

KAZI YA WOTE NI KAZI YA NANI?

Iko sababu moja zaidi inayowafanya watu wema wasitende wema, nayo haitokani na uchoyo. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walifanya jaribio mjini New York. Mtu alisikia kwa chombo cha sauti mwenziwe aliye chumba kingine akishikwa na kifafa. Kati ya wale walioamini kwamba ni wao peke yao waliosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Kati ya wale walioamini kwamba wapo wengine wanne wanaosikia, walitoka asilimia 31 tu. Wale waliobaki hawakuwa wagumu wa moyo. Wengi walikuwa wakitetemeka. Kila mmoja alidhani kwamba mwingine ameshakwenda.

Tangazo lisemalo "wanachama wote wanaombwa wafike" hufanya kazi kama chumba hicho. Katika watu mia mbili, kila mmoja huona kwamba wapo mia moja na tisini na tisa wengine.

YANAYOPASA KUFANYWA NA CHAMA

Kutokana na maelezo hayo, makatibu na kamati wanaweza kushika mambo yafuatayo.

Kwanza, kabla ya kupendekeza posho au faini, iulizwe kwa nini watu hawakufika. Huenda wengine hawakupata habari, wengine walikuwa na udhuru, na wengine wamevunjika moyo. Kila fungu lina dawa yake, na posho si dawa ya asiyepata habari.

Pili, kazi igawanywe kwa majina. Kila kitongoji kipewe siku yake na sehemu yake, na kila mtu ajue kwamba asipofika pengo lake litaonekana.

Tatu, hesabu ziwe wazi. Wengi hutoa kwa sharti kwamba wengine watoe. Kwa hiyo orodha ya waliofanya kazi isomwe, mizani ikaguliwe mbele ya wanachama, na makato yaelezwe mpaka yaeleweke. Karani mmoja anayepunja kilo katika mizani huwavunja moyo watu wengi kuliko ukosefu wa posho wa miaka kumi.

Nne, itofautishwe kati ya fidia, mshahara na shukrani. Mjumbe wa kamati aliyesafiri kwa ajili ya chama arudishiwe nauli na gharama ya chakula. Hiyo ni fidia, wala haimgeuzi kuwa kibarua. Karani na mlinzi ni waajiriwa, nao walipwe mshahara wao kamili na kwa wakati; neno kujitolea lisiwe kisingizio cha kuwanyima haki yao. Aliyejitolea ashukuriwe hadharani kwa jina lake. Chama kinachochanganya mambo haya matatu hupoteza fedha na watu kwa pamoja.

Tano, adhabu zitungwe na mkutano wa wanachama na ziandikwe katika masharti ya chama. Zianze na onyo, kisha zipande kwa anayerudia. Wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga wasihesabiwe kuwa watoro. Wapewe kazi nyepesi, ili nao wapate heshima ya kushiriki. Aliye na fedha asiruhusiwe kulipa ili asifike, maana siku hiyo adhabu itakuwa imegeuka kuwa bei.

Sita, viongozi wawe wa kwanza kufika. Katika shughuli ya pamoja kila mtu hutazama mwingine kabla ya kuamua, na anayetazamwa kwanza ni mwenyekiti na katibu.

Yote hayo hayahitaji fedha nyingi, lakini yanahitaji kazi ya katibu: daftari la mahudhurio lililoandikwa vizuri, na mkutano ambamo orodha yake inasomwa polepole. Wale ishirini walioezeka ghala hawakudai posho. Wazo hilo lilitoka kwa mtu mwingine. Huenda walichokitaka ni kusikia majina yao yakisomwa, na kujua kwamba mabati yakipeperuka tena hawatakuwa peke yao juu ya paa.